Kuandaa mhadhara na matembezi ya kusoma majengo ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Matembezi mengi ya Mji Mkongwe huandaliwa kwa ajili ya wageni, kwa lugha za wageni, na huishia kwenye majina ya masultani na mwaka wa kila jumba. Mwongozo huu ni wa kuandaa kitu kingine: mhadhara mfupi wa jioni, kisha matembezi ya asubuhi inayofuata, vyote kwa Kiswahili, kwa watu wanaoishi ndani ya kuta hizi au wanaozitengeneza. Yaani wenye nyumba, wapangaji, mafundi waashi, wanafunzi wa ujenzi na walimu. Lengo ni kwamba mtu akimaliza aweze kusimama mbele ya ukuta wowote mtaani kwake na kueleza umejengwa kwa vitu gani, maji yanaingilia wapi, na kwa nini lipu inabanduka.

Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Hata hivyo, kila masika kuna kuta zinazopakwa saruji kwa nia njema kabisa, na saruji hiyohiyo inakuja kuziharibu. Mwenye nyumba akishaelewa sababu, hahitaji kushurutishwa.

Anza na ruhusa, wiki nne kabla

Nenda kwanza kwa sheha wa kila shehia mtakayopita. Mweleze siku, saa, idadi ya watu na mahali mtakaposimama. Mara nyingi sheha ndiye atakayekuambia nyumba ipi ina msiba, njia ipi imechimbwa kwa ajili ya mabomba, na mzee gani anafaa kuombwa azungumze. Kisha ipelekee barua Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mbali na ruhusa, wanaweza kukupa mtu wa kuzungumza au kukuonyesha jengo linalokarabatiwa. Kama utatoza fedha, muongozaji awe na kibali cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Usidhani kwamba kwa kuwa washiriki ni wenyeji sheria haikuhusu, uliza mapema.

Kwa kila nyumba ya mtu binafsi mtakayosimama mbele yake, piga hodi siku kadhaa kabla. Ukuta ni wa mtu. Anayekuta watu kumi na tano wakinyooshea vidole ufa wa nyumba yake bila kuambiwa ana haki ya kuudhika, na jirani zake watakumbuka. Mkiomba vizuri, mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe atatoka kueleza, na maneno yake yana uzito kuliko ya muongozaji.

Kuchagua siku na saa

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ina mvua za kushtukiza, ingawa wiki chache baada ya mvua ndiyo nyakati nzuri kuliko zote za kuonyesha unyevu ukutani, kwa sababu alama bado mbichi. Juni hadi Septemba hewa ni nyepesi na watu hawachoki upesi.

Asubuhi anzeni saa 2 kamili, mmalize kabla ya saa 4 na nusu. Wakati huo jua bado limelala, na mwanga unaopita ubavuni mwa ukuta huonyesha kila uvimbe na kila mchirizi wa nakshi. Saa 6 mchana mwanga unashuka wima na ukuta unaonekana bapa. Mkichagua alasiri, anzeni baada ya sala ya Alasiri na mmalize kabla ya Magharibi. Ijumaa mchana iacheni kabisa. Mwezi wa Ramadhani fanyeni mhadhara peke yake, usiku baada ya Tarawehe.

Uso wa mji unaotazama bahari uko upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi majumba ya Forodhani yana kivuli. Ni pazuri pa kukusanyika na kutoa maelezo marefu, lakini wapenda picha waambiwe warudi jioni.

Mhadhara wa jioni

Mhadhara utangulie matembezi. Ukiyabeba maelezo yote barabarani utasimama dakika ishirini kila kituo, watu wa nyuma wasisikie, na hamali na gari lake akwame katikati yenu.

Dakika arobaini na tano za kuzungumza zinatosha, na ishirini za maswali. Wazungumzaji wasizidi wawili: fundi mwashi aliyewahi kuchanganya chokaa kwa mikono yake, na mtu mmoja wa usanifu majengo au historia ya mji. Fundi azungumze kwanza. Msomi akitangulia, fundi hujikuta akifupisha na kukubaliana tu, na yale ambayo ni yeye pekee anayeyajua hayasemwi. Picha zisizidi ishirini, nyingi ziwe za kuta na maungio kwa karibu. Picha ya zamani ya mtaa, ikipatikana katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ina thamani kubwa ukiiweka sambamba na picha ya leo iliyopigwa kutoka mahali palepale.

Muhimu kuliko picha ni meza ya vitu vya kushika. Iandae hivi:

- Jiwe la matumbawe lisilopungua ukubwa wa ngumi mbili, lililovunjwa ili vitundu vyake vionekane.
- Kipande cha boriti ya mkoko cha sentimita 30 hivi, chenye ganda upande mmoja.
- Ndoo ndogo ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa, yenye mfuniko. Weka glavu na chupa ya maji safi karibu; chokaa huunguza macho na ngozi.
- Vipande viwili vya lipu vya sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita moja na nusu: kimoja cha chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, kingine cha saruji kilichopigwa niru, yaani kilicholainishwa juu kwa saruji tupu.

Vipande vya lipu vitengenezwe mwezi mmoja kabla. Chokaa haigandi kama saruji. Hukauka polepole kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa juani siku ya kwanza hupasuka kama tope. Ifunike kwa gunia lenye unyevu siku chache za mwanzo. Mchanga usiwe wa pwani, kwani chumvi yake itatoka baadaye na kuharibu kile mnachotaka kuonyesha.

Mbele ya watu, dondoshea kila kipande kijiko cha maji. Chokaa hunywa na kubadilika rangi. Kwenye niru maji hutelezea pembeni. Kisha onyesha jaribio la pili, ambalo lazima ulianze wiki moja au mbili kabla: matofali mawili laini ya kuchoma, yamesimama wima katika sinia lenye maji ya chumvi ya kina cha sentimita mbili. Moja limezungushiwa saruji hadi nusu ya kimo chake, jingine chokaa hadi hapohapo. Kwenye lile la saruji, unga mweupe wa chumvi hujitokeza juu ya mstari wa lipu, mahali ambapo maji yamepata mwanya wa kutokea. Waache watu waguse.

Njia na vituo

Vituo visizidi vinane na urefu wa njia usizidi kilomita moja na nusu. Njia inayofaa kuanzia ni hii: Bustani ya Forodhani, nje ya Ngome Kongwe, mbele ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), Hurumzi, Jaws Kona, Hamamni, Mkunazini, na mwisho Darajani. Inatoka kwenye majengo makubwa ya watawala, inapita mitaa ya nyumba za watu, na inatokea ukingoni ambako mji wa mawe unakutana na Ng'ambo, upande wa pili wa mji.

Pita njia hiyo mara mbili kabla ya siku yenyewe. Mara ya kwanza peke yako, saa ileile na siku ileile ya wiki, ukiangalia wapi pana kivuli, wapi watu kumi na tano wanaweza kusimama bila kuziba njia, na pikipiki zinapita wapi. Mara ya pili pamoja na watu wawili, mmoja akishika saa. Utagundua kwamba kituo ulichokipangia dakika tano kinakula kumi na mbili. Punguza maneno, usiongeze mwendo.

Watu kumi na watano kwa muongozaji mmoja ndiyo mwisho, na awepo msaidizi wa kufunga nyuma. Wakijiandikisha thelathini, gawa makundi mawili yaliyopishana kwa nusu saa. Kipaza sauti msitumie vichochoroni: kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, sauti inaingia vyumbani mwa watu. Muongozaji apande kwenye kibaraza, awatazame, azungumze kwa sauti ya kawaida.

Kituo ambacho msiruke: ukuta uliobanduka

Mahali fulani kati ya Hurumzi na Jaws Kona chagua ukuta mmoja wa nyumba ya kawaida, ambao mwenyewe ameridhia, wenye lipu iliyoanguka. Hapa ndipo mhadhara unapata mwili, kwa hiyo upange hata dakika kumi na tano.

Waache watu watazame dakika nzima kimya, kisha uliza: mnaona tabaka ngapi? Nje kabisa huwa kuna rangi, mara nyingi rangi ya plastiki. Chini yake lipu. Ndani yake mawe ya matumbawe yasiyo na umbo maalumu, yamefungwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Ukuta wa namna hii una unene wa nusu mita au zaidi, na ni mzito lakini ndani yake ni laini. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, halafu unautoa kupitia lipu ya chokaa. Chokaa ikichakaa inapakwa tena. Hiyo ndiyo kazi yake, kuliwa yenyewe ili jiwe lisiliwe.

Sasa waonyeshe mkanda wa saruji kuanzia chini hadi kiunoni, ambao hutaukosa katika mtaa wowote. Aliyeupaka aliona lipu imelowa chini akadhani saruji itazuia maji. Maji hayakuzuiwa, yalifungiwa. Yanapanda ndani ya ukuta yakitafuta pa kutokea, na juu tu ya mkanda utaona doa jeusi, rangi iliyovimba na unga wa chumvi. Wakumbushe lile tofali la jana. Chumvi ikikauka huunda chembe ngumu zinazosukuma na kusaga kila kilicho laini kando yake. Baada ya miaka michache gonga saruji kwa vifundo vya vidole: inalia tupu, kwa sababu nyuma yake udongo umegeuka vumbi. Kisha siku moja bamba zima linaanguka. Mwenye nyumba anapaka saruji tena, safari hii hadi kifuani.

Mpeni kila mtu nafasi ya kugonga, mahali pazima na mahali palipo tupu. Sauti hiyo huwakaa kichwani kuliko maelezo yoyote.

Baada ya hapo inueni macho. Mara nyingi chanzo kingine kiko juu: bati lililopasuka, mfereji wa paa uliokatika unaomwaga maji mahali pamoja, mche wa jamii ya mkuyu uliootea kwenye ufa. Maji ya juu hulowesha vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, na hapo ndipo boriti huoza kwanza, mahali pasipoonekana. Sakafu ya juu ikianza kubonyea karibu na ukuta, boriti zimeshaliwa. Fundi atakuambia arekebishe lipu; mwambie aanze na paa.

Boriti na upana wa vyumba

Kama kuna nyumba moja mtakayoruhusiwa kuingia, ingieni watano watano, na waambie wapime chumba kwa hatua. Kitakuwa kirefu, pengine mita sita au saba, lakini upana wake ni mita mbili na nusu hadi tatu. Upana huo umeamuliwa na boriti ya mkoko. Mti mnyoofu na imara wa kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa haupatikani kwa urefu mkubwa zaidi ya huo. Boriti za Rufiji na Lamu zilipakiwa pia majahazini kwenda Omani na nchi za Ghuba, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo.

Mkishaelewa hilo, Beit al-Ajaib inasomeka upya. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na roshani pana kuzunguka jengo zima, upana ambao boriti isingeweza kuubeba. Ndiyo maana matembezi yapite hapo kabla ya nyumba za mitaani, halafu mwikumbuke mkiwa ndani ya chumba cha mita tatu. Mnapokuwa mbele yake simameni mbali na uzio. Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili walifariki. Semeni hilo kwa heshima, bila kubuni nani wa kulaumiwa.

Milango

Kila mtu anataka milango, na ni haki yao, ni kazi nzuri mno. Lakini milango ndiyo inayovuta hadithi zisizo na mizizi. Chagua mlango mmoja na uwatajie washiriki sehemu zake: miimo ya pembeni, kizingiti, ubao wa nakshi wa juu, mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, na tumbuu ya kufungia. Waonyeshe tofauti kati ya mlango wenye kichwa kilichonyooka na ule wenye kichwa cha nusu duara, unaobeba zaidi ladha ya Kihindi iliyoenea kuelekea mwisho wa karne ya 19.

Misumari ya shaba iliyochongoka ina asili ya India, ambako husemwa ilizuia tembo. Hapa Unguja ni pambo. Kuhusu mnyororo, samaki na ua la yungiyungi, watu hutoa tafsiri nyingi zinazopingana. Muongozaji aseme wazi kwamba ni tafsiri. Dakika tano, kisha songeni mbele.

Hamamni, Mkunazini, Darajani

Hamamni ni bafu za umma za wakati wa Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Faida yake kwa kundi lenu ni kuonyesha kwamba chokaa, ikichanganywa na kupigwa inavyostahili, iliwekwa hata mahali pa maji na mvuke. Ulizeni mapema kuhusu ufunguo na kiingilio.

Mkunazini punguzeni sauti. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likaanza kujengwa juu ya eneo hilo mwaka huohuo. Mtu asilazimishwe kuingia vyumba vya chini, wala pasigeuzwe kuwa somo la lipu.

Darajani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa hatua kwa hatua. Ukisimama Barabara ya Benjamin Mkapa unaona pande mbili za mji mmoja. Ng'ambo ndiko waliokaa mafundi, wachukuzi na wapishi waliouendesha mji wa mawe, katika nyumba za miti na udongo, na baada ya Mapinduzi ya 1964 yakajengwa maghorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Tunashauri siku nyingine muandae matembezi ya Ng'ambo peke yake. Kuibandika mwishoni, watu wakiwa wamechoka na jua limepanda, ni kuidharau.

Mambo yanayoharibika

Kundi kusimama mbele ya baraza bila salamu. Muongozaji atangulie hatua kumi, awaamkie wazee, aseme: "Asalaam aleikum wazee wetu, tuna kikundi hapa, tutasimama dakika tano tuutazame ukuta huu." Mara nyingi watasogea na kuwapa nafasi, na mmoja wao atawasahihisha jambo. Msikilizeni.

Picha za watu bila idhini. Liseme mwanzoni, kabla ya hatua ya kwanza, pamoja na suala la mavazi: mabega na magoti yafunikwe, msikiti usiingiwe bila kualikwa.

Mtu kuishiwa nguvu. Kila mmoja abebe nusu lita ya maji, na ujue choo kiko wapi mwanzoni, katikati na mwisho wa njia. Vizingiti ni virefu na njia haziko sawa, kwa hiyo anayetembelea fimbo au kiti cha magurudumu apangiwe njia fupi: Forodhani, mbele ya Ngome na Beit al-Ajaib, kisha gari hadi Darajani.

Mvua ya ghafla. Chagua mapema mahali pawili pa kujikinga. Ikipita upesi, ni bahati: mtaona kwa macho maji ya paa yanaangukia wapi, na kwa nini watu hupita juu ya vibaraza njia ikijaa.

Baada ya matembezi

Andaa karatasi moja yenye ramani ya vituo nyuma yake na maswali matano mbele: Lipu yako ni ya nini? Inalia tupu wapi? Maji ya paa yanaangukia wapi? Kuna mmea ukutani? Sakafu inabonyea? Kila mwenye nyumba aende nayo, akaijaze kwake.

Kusanyeni siku hiyohiyo majina ya wanaotaka ushauri, muwaunganishe na fundi aliyezungumza kwenye mhadhara. Wakumbusheni kwamba ukarabati ndani ya Mji Mkongwe unahitaji kibali cha Mamlaka kabla ya kubandua chochote, na kwamba lipu ya saruji haibanduliwi ukuta mzima kwa mara moja. Ibanduliwe sehemu ndogo ndogo, ukuta upumzike na kukauka, ndipo chokaa ipakwe kwa tabaka nyembamba. Ombeni ruhusa ya nyumba mojawapo itakayotengenezwa hivyo iwe kituo cha matembezi yajayo, baada ya masika moja kupita juu yake, ili watu waone ilivyostahimili.